Jani la Mgomba Kwenye Kioo cha Oili

Ipo siku moja, mwanangu Salumu, ambayo mgongo wangu unaikumbuka vizuri kuliko kichwa changu. Nitakusimulia. Lakini kabla ya kufika huko, tuanze na Ijumaa iliyopita, uliponipeleka hospitali kwenye kile kigari chako.

Nilikaa mbele, kama mkubwa wa serikali. Nikaona pale chini ya usukani umebandika plasta, zile za kubandika kidonda. Nilidhani umejikata kidole, ukakosea ukalifunga gari badala ya kidole. Nikakuuliza, ukacheka.

"Hiyo taa ya oili, mjomba. Ina wazimu. Inawaka ovyo tu. Oili nimepima mwenyewe, imejaa."

Nikanyamaza. Wewe ulifikiri nimekubali, au nimesinzia, maana wazee tunasinzia popote, hata tukiwa tumesimama kwenye foleni. Sikusinzia. Nilinyamaza kwa sababu maneno hayo, "imejaa," niliyasema mimi kabla mama yako hajazaliwa, na yalinitoka kwa mdomo uleule wa kujua kila kitu.

Nimeona nikuandikie. Ukisema na kijana anayeendesha gari, nusu ya maneno yanapotelea dirishani. Isitoshe, cheti changu cha kisomo cha watu wazima kinaning'inia ukutani hakina kazi, na mwalimu wangu wa jioni, msichana ambaye ningeweza kumzaa mara tatu, aliniambia, "Babu, herufi zako zinatembea kama siafu, lakini zinafika." Basi waache siafu watembee.

Ulikuwa wakati wa Mdachi. Reli ilikuwa imeshafika Morogoro, na motokaa ukizihesabu mji mzima huwezi kumaliza vidole vya mkono mmoja. Moja ilikuwa ya bwana mmoja wa shamba, ng'ambo ya mto Mzinga, tuliyemwita Bwana Ndevu. Ndevu zake zilikuwa ndefu kiasi kwamba akigeuka upesi zenyewe zilikuwa bado zinakuja. Motokaa yenyewe ilikuwa imechoka tayari wakati inashuka kwenye treni. Mtu aliitumia huko Ulaya mpaka akaichoka, ndipo ikaletwa kwetu.

Dereva wake alikuwa mjomba wangu Shomari, kaka wa mama yangu. Wewe unajua sisi Waluguru, mtoto ni wa upande wa mama. Baba alinipenda, Mungu amrehemu, lakini wa kunifundisha, wa kuniozesha na wa kuulizwa nikiharibu alikuwa mjomba. Kwa hiyo mjomba Shomari alipokwenda kwa Bwana Ndevu kuniombea nafasi ya kujifunza kuendesha, alisema maneno ambayo mjomba yeyote wa kwetu angesema: "Huyu ni mpwa wangu. Akiharibu, nimeharibu mimi."

Bwana Ndevu akayashika maneno hayo. Wadachi, hata wawe wamesahau jina lako, ahadi yako hawaisahau.

Sasa sikiliza habari ya kioo, maana ndiyo habari yenyewe. Motokaa za siku zile hazikuwa na taa nyekundu. Zilikuwa na kisanduku cha shaba mbele ya dereva, na kwenye kisanduku kuna kioo kidogo, upana wa kidole gumba. Oili inatoka kwenye tangi lake, inapita kwenye kile kioo tone kwa tone, unaiona kwa macho, halafu inaingia kwenye mrija mwembamba wa shaba kwenda kuilainisha mashine. Tone likidondoka, ukihesabu mpaka tano linadondoka jingine. Kazi ya dereva ilikuwa jicho moja barabarani na jicho moja kwenye kioo. Mjomba Shomari alifanya hivyo miaka mingi mpaka, nakuapia, macho yake yakawa yanaangalia pande mbili hata msikitini.

Alinifundisha maneno machache. "Abdala, tone likikatika, simama. Usifike pale kwenye kivuli, usimalize mlima. Simama palepale, zima, shuka."

"Na kama oili imejaa, mjomba?"

"Simama."

"Na kama ni kioo tu kimechafuka?"

"Wewe umekuwa kioo lini? Simama, ndipo uulize."

Nami nilikuwa na umri wa miaka ishirini hivi, na nilikuwa na mchumba. Mwanaidi, wa Mafiga, ambayo wakati ule ilikuwa nyumba chache na mashamba ya mtama. Unamjua, ndiye mkaza mjomba wenu wa kwenye picha, lakini usikimbilie mbele. Mama yake Mwanaidi alikuwa mtu wa heshima sana, na mimi nilitafuta zawadi ya kumfurahisha. Nikaiona kwenye stoo ya shamba: mkebe wa oili. Mkebe mzuri wa bati, una mfuniko wa kuzungusha, ukiufunga hata ukiupindua hautoi tone. Siku zile mkebe kama huo nyumbani ulikuwa kitu kikubwa. Mwanamke mwenye nao wenzake walimsalimia mara mbili.

Nikauchukua. Oili iliyokuwamo nikaihamishia kwenye kibuyu, mkebe nikampelekea mama yake Mwanaidi.

Hapo ndipo ungecheka kama ungekuwa Mluguru wa zamani. Kibuyu kipya hakitumiki hivihivi. Unakitoboa, unakitoa nyama ya ndani, unakitia maji na kokoto, unakitikisa, unamwaga, unakitia maji tena, unakiacha, unakitikisa tena, wiki nzima na zaidi, mpaka mbegu zote na nyuzi zote zimetoka. Hata mtoto wa miaka sita anajua. Mimi nilijua. Lakini nilijiambia, hii ni oili ya gari, hakuna mtu atakayeinywa. Nikakitikisa mara mbili, nikamwaga kilichomwagika, nikatia oili. Siku iliyofuata nikalijaza tangi la motokaa kutoka kwenye kibuyu hicho, nikajiona fundi.

Basi ikafika siku yenyewe. Mke wa Bwana Ndevu alikuwa anakuja na treni kutoka Dar es Salaam. Bwana Ndevu alikwenda mjini tangu alfajiri kwa farasi, akaacha amri motokaa imfuate stesheni adhuhuri. Na mjomba Shomari alikuwa na jipu chini ya unyayo wa kulia, kubwa kama fenesi. Sawa, kama limau. Hawezi kukanyaga.

Akaniita. "Utakwenda peke yako. Polepole. Kioo."

"Kioo, mjomba."

"Sema tena."

"Kioo."

Nikaondoka nimevimba kuliko jipu lake. Nikavuka Mzinga pale penye mawe, maji yakarushwa mpaka milimani, nikaanza kupanda kile kilima cha ng'ambo. Nikatupa jicho kwenye kioo. Tone. Nikahesabu tano. Hakuna. Nikahesabu kumi. Nikahesabu mpaka thelathini, nikazidisha kuhesabu kwa taratibu ili tone lipate nafasi. Hakuna tone.

Nilisimama, hilo nalisema kwa haki yangu. Nikashuka, nikafungua tangi la oili. Limejaa mpaka shingoni, linameremeta. Nikasimama pale nikifikiri, na mwanangu, nakwambia ukweli, ilikuwa fikra nzuri kabisa, haina kasoro hata moja isipokuwa ilikuwa ya uongo. Nilisema: oili imejaa. Kioo kinasema hakuna oili. Basi kioo ndicho kinachosema uongo.

Na ndani kabisa, chini ya fikra hiyo, kulikuwa na nyingine ambayo sikutaka kuigusa. Nikirudi kwa mjomba ataniuliza, oili umeitoa kwenye nini? Mkebe uko wapi?

Nikaendelea. Lakini kile kioo kilinisumbua. Kila nikikiangalia, kimekauka, kinanitazama kama mtu anayejua siri yako. Hapo kando ya njia palikuwa na migomba. Nikakata kipande cha jani, nikakilowesha, nikakibandika juu ya kioo. Kikashika vizuri. Moyo wangu ukatulia papo hapo. Unaijua ile raha, Salumu. Uliisikia siku ulipobandika plasta.

Nilipofika Mafiga nikapiga honi kumjulisha Mwanaidi kwamba napita. Bata mmoja alikimbia, nadhani alifika Turiani, hajarudi mpaka leo. Na ndani ya sauti ya honi nikasikia sauti nyingine. Ko. Ko. Ko. Kama mtu anagonga mlango kwa adabu. Nikapiga honi tena ili nisiisikie. Ikagonga bila adabu. Halafu pakanuka kama kikaango kimesahauliwa jikoni, motokaa ikatetemeka, ikasimama, mbele ya nyumba ya mama mkwe wangu. Kati ya nyumba zote za dunia.

Watu elfu wakakusanyika. Labda ishirini. Mama yake Mwanaidi akatoka na mkebe wangu kichwani, anatoka nao kisimani. Mkwe na mama mkwe kwetu hawatazamani usoni, kwa hiyo yeye alisimama ananipa mgongo, nami nikampa mgongo, tukazungumza na miti.

"Mkwe, umefika kutuamkia?"

"Nimefika, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Na hilo nalo limefika kutuamkia, au limefika kufia hapa?"

Watu wakacheka. Nikafungua boneti nikaangalia, kama mtu anayesoma barua ya lugha asiyoijua. Nikaokota jiwe, nikaliweka chini. Jua likapanda. Na kwa mbali, njia ya Mzinga, nikaona mtu anakuja na fimbo, anaruka kwa mguu mmoja, anapumzika, anaruka tena.

Alikuwa mjomba Shomari.

Baada ya mimi kuondoka alijikokota mpaka stoo kutafuta kitambaa cha kufunga mguu. Akaona mkebe haupo, akakiona kibuyu. Akakinusa. Akakitikisa, akasikia mbegu zinacheza ndani: cha, cha, cha. Hakumwita mtu. Alichukua fimbo akaja, mwendo wote ule, na jipu lake, akivuka mto kwa matako.

Alipofika hakunisalimia na hakunigombeza. Alisema, "Kioo kilisema nini?"

"Kilikauka, mjomba. Lakini tangi limejaa."

Akainama ndani, akaliona jani. Akalibandua kwa kucha, polepole, kama anavyobanduliwa mtoto kitambaa cha kidonda. Akaliweka mfukoni mwake.

Halafu akafungua ule mrija wa shaba, pande zote mbili, akautia mdomoni akavuta. Uso ulimwiva. Akavuta tena, akageuka, akatema kwenye kiganja. Palikuwa na mbegu ya kibuyu, imevimba, imefungwa na nyuzi nyeupe kama mtoto kwenye mbeleko. Oili ilijaa tangini, na mashine ilikuwa inakufa kwa kiu. Njia ndiyo iliyoziba. Kioo, mwanangu, hakikuwa kinapima kama oili ipo. Kilikuwa kinasema kama oili inafika.

Mama yake Mwanaidi alitazama kile kiganja kwa pembe ya jicho. Mwanamke aliyesafisha vibuyu miaka arobaini hahitaji maelezo. Akaushusha mkebe taratibu, akamwaga maji, akauweka chini karibu na gurudumu, akaingia ndani. Ningependa kama angenitukana.

Tukasubiri mashine ipoe. Mjomba akaimiminia oili kwa mkono, akanifanya nizungushe hendeli kidogo kidogo mpaka ikalegea. Ikawaka, inagonga, lakini inakwenda. Tukafika stesheni treni imeshaondoka zamani, na yule mama wa Kizungu amekaa juu ya sanduku lake juani. Bwana Ndevu alizisikia zile ko, ko, kabla hajatuona.

"Nani ameharibu?"

Mjomba Shomari akasema, "Mimi, Bwana."

Nami nilikuwa hapo. Nilisimama hatua mbili kutoka kwake. Nilikuwa na mdomo, na ulimi umo ndani yake, na sikusema kitu.

Salumu, unanijua. Nikisimulia samaki, anakuwa mamba. Hapa siongezi hata chembe. Asubuhi yake tulipelekwa bomani na kikaratasi cha Bwana Ndevu, na adhabu ilikuwa ileile iliyokuwa ya kila kosa siku zile, hamsa wa ishirini, viboko ishirini na tano. Wakamlaza mjomba wangu juu ya pipa. Mtu mzima, mwenye wajukuu, mguu wake umefungwa kitambaa kilicholowa usaha. Askari akaanza, na mwingine anahesabu kwa sauti.

Nilihesabu naye. Moja. Mbili. Nilijiambia, yeye mwenyewe alisema ni yeye. Tatu. Nilijiambia, ameshalala, nikisema sasa itasaidia nini? Nne. Tano. Kila fikra ilikuwa nzuri, haina kasoro, kama ile ya mlimani. Sita. Na nikajiona mwenyewe nimesimama na jani mkononi, natafuta pa kulibandika.

Ilipotimia saba nikasema, "Si yeye. Ni mimi."

Walicheka kwanza. Kisha wakamwinua yeye, wakanilaza mimi. Hesabu haikuanza upya. Ilianzia nane.

Tulirudi kwa miguu, njia nzima, polepole kuliko konokono. Pale Mafiga mama yake Mwanaidi alikuwa kando ya njia, ametupa mgongo kama desturi. Kando yake kuna ule mkebe, tuliouacha pale chini jana yake. Akasema na miti, "Mkwe, mkebe wa watu huu, urudishe. Kilichomo ni chenu." Nikaufungua. Alikuwa ameujaza mafuta ya nyonyo, ya kupaka majeraha.

Jioni hiyo tulilala kifudifudi mimi na mjomba, mkeka mmoja, mke wake anatupaka, huyu kisha huyu. Nilitaka kuomba radhi. Yeye ndiye aliyeanza.

"Abdala. Unajua ungerudi pale ulipoona kioo kimekauka, ingekuwaje?"

"Ungenigombeza, mjomba."

"Ningekugombeza mpaka jogoo awike. Kisha tungevuta mrija, tungetema mbegu, tungecheka, ungefika stesheni mapema. Kibuyu si kitu. Kila mtu ana kibuyu chake alichokiharakisha." Akatoa lile jani mfukoni, limeshanyauka, akaliweka mkekani kati yetu. "Gari uliliua kwa hili."

Nikalia. Akaniacha nilie, halafu akasema, "Na vile viboko saba vilikuwa vyangu. Mimi ndiye niliyekupa gari kabla sijakuuliza mkebe uko wapi. Sasa lala, unanitikisia mkeka." Akaanza kucheka, na kicheko kikamuuma mgongo, akawa anacheka na kuguna, anacheka na kuguna, mpaka mkewe akatishia kutupaka pilipili.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii, na ya gari naiweka kwanza kwa sababu gari lako linakufa sasa hivi.

Taa ikiwaka unaendesha, simama na uzime. Usifike kwa fundi, fundi atakufuata. Vuta ile stiki upime. Ikiwa chini, ongeza, halafu utafute inakovujia. Ikiwa imejaa, usifurahi kama mimi. Imejaa maana yake ipo tu. Inawezekana pampu yake imechoka, au chujio limeziba, au oili imezeeka imekuwa nyepesi kama chai, au beringi zimelika haziishiki tena. Ukiona taa inapepesa gari likiwa limesimama linanguruma lenyewe, na ukikanyaga mafuta inazimika, hapo mashine inakunong'oneza. Usingoje ipige kelele. Na kweli, inawezekana taa ndiyo yenye wazimu. Ipo swichi ndogo kwenye mashine inayoiwasha, huharibika, na waya wake huchubuka. Mwambie fundi aifungue hiyo swichi, pale pale afunge saa ya kupimia presha, awashe, mtazame pamoja. Saa ikionyesha presha ni nzuri, badilisha swichi, nami nitakuja kwako na kukuomba msamaha mbele ya mkeo. Lakini ithibitishe kwanza kuwa ni kichaa ndipo uiite kichaa.

La pili halina fundi. Mjomba ninayekwambia haya ni mjomba wako. Ukiharibu, nimeharibu mimi. Sikuweka maneno hayo kwenye kikaratasi, lakini yapo tangu ulipozaliwa. Nimesikia mambo mengine kwako yanagonga pia, mwanangu. Mkeo ameacha kuja kuniamkia, na wewe kila nikikuuliza unaniambia nyumbani kumejaa heri. Sikulazimishi. Mimi na mgongo wangu tupo hapa, alasiri zote, na sina kiboko. Njoo na kibuyu chako, kitikise mbele yangu, tusikie kina nini ndani.

Mungu akulinde barabarani na nyumbani. Akupe jicho la kuona tone linapokatika, na miguu ya kusimama papo hapo. Akupe ulimi wa kusema "ni mimi" ikiwa bado ni moja, kabla haijafika saba. Na mashine yako iendelee kunywa mpaka wapwa zako waje kukuuliza gari hili lilikuwa la nani.

Ukimaliza kusoma, ikunje barua hii, nenda ukaibandue ile plasta.